Kikombe Kiko Mezani, Choo Kiko Mbali

Mara nyingi huletwa usiku. Bajaji inasimama mlangoni pa mapokezi, vijana wawili wamemshika bibi makwapani, binti yuko nyuma na mfuko wa dawa na kanga mbili. Maelezo yao hayatofautiani sana: bibi ameanza kuzungumza na watu waliokwisha kufa, au babu anataka kushuka pwani kuvua na bahari aliiacha zamani. Wengine wamepitia kwa mganga kwanza, nguo bado zinanuka ubani. Wengine hawana hata hofu. Wanasema ni uzee tu, wamemleta kwa sababu hali chakula.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani katika hospitali moja ya pwani ya Tanzania. Kuna jambo ambalo ndugu wa mgonjwa hawalioni, na hata wenzetu wa vitengo vingine hawalioni, kwa kuwa hawakai na mzee zamu nzima. Wengi wa wazee hawa tunaowapokea wakiwa wamechanganyikiwa ghafla, wamekauka. Mwili hauna maji, na akili ndiyo inayotangulia kuonyesha. Wala si kwamba maji ya kunywa yamekosekana nyumbani. Mtungi umejaa, ndoo imejaa. Mzee ameyakataa mwenyewe, na anayakataa kwa sababu ya choo.

Namkumbuka bibi mmoja muuza vitumbua. Ijumaa alikuwa jikoni kwake anachoma vitumbua na kupokea hela bila kukosea chenji. Jumatatu usiku alikuwa kwetu, hamtambui mwanawe, anavuta shuka akitafuta kitu asichoweza kukitaja. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Sukari ilikuwa sawa. Presha ilikuwa chini, na yeye ni mgonjwa wa presha ya kupanda. Mwanawe wa kiume ndiye aliyekuwa akijibu maswali ya daktari, na kila alipoulizwa kama mama anakunywa maji alijibu kwamba anakunywa vizuri tu. Alijibu hivyo kwa kuwa huwa anamwona na kikombe cha chai asubuhi kabla hajatoka kwenda kazini.

Mkwewe ndiye aliyenieleza ukweli, pembeni, tukiwa kwenye sinki. Kaskazi ilipoanza kupamba moto bibi aliteleza njiani kwenda chooni. Choo chao kiko nyuma ya nyumba, unapita sehemu ya kufulia ambapo chini hapakauki, halafu kuna ngazi mbili za saruji bila pa kushika. Hakuvunjika kitu, lakini aliogopa. Akaacha kunywa chochote baada ya alasiri ili asiamke usiku. Baadaye akaacha na mchana. Kilichobaki ni kikombe kile cha chai, tena cha kumezea vidonge vya presha, na kimoja kati ya vidonge hivyo ni kile kinachofanya kazi kwa kutoa maji mwilini kupitia mkojo. Dawa inatoa, mdomo haurudishi, na nje joto la Januari linamkamua kwa jasho.

Hilo mwanawe hakulijua, na mama yake asingemwambia. Huwezi kumtegemea mama wa makamo yale amweleze mwanawe wa kiume habari za mkojo. Ndiyo maana nikimpokea mzee simwulizi mtu mmoja. Namsubiri mwanamke wa nyumba ile, mkwe, mjukuu wa kike, au yeyote anayefua shuka. Anayefua shuka ndiye anayejua.

Watu wanadhani kiu itamwamsha mzee kama inavyomwamsha kijana. Haimwamshi. Mwaka 1984 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowanyima maji kwa saa 24 wanaume wenye afya njema wa miaka 67 hadi 75, pamoja na vijana wa miaka 20 hadi 31. Damu ya wazee ilikolea zaidi kuliko ya vijana, lakini wazee ndio waliosikia kiu kidogo, na maji yalipowekwa mbele yao ndio waliokunywa kidogo. Wale walikuwa watu wazima wa afya. Sisi tunapokea wenye kisukari, wenye kiharusi cha zamani, wenye moyo mchovu. Kwa hiyo mzee akikuambia hana kiu, anasema kweli kabisa, na ukweli huo haukusaidii kitu.

Yako na mengine mwilini. Kijana mwili wake ni maji kwa kadiri ya asilimia 60. Mzee anashuka hadi karibu na 50, kwa sababu misuli imepungua na misuli ndiyo ghala kubwa la maji. Figo nazo zimechoka, haziwezi tena kubana mkojo ukakolea kama zamani, kwa hiyo hata asiyekunywa anaendelea kupoteza. Akiba ni ndogo na tundu ni kubwa. Siku mbili za kuharisha, au homa ya siku tatu, zinamwangusha mtu ambaye mwanawe angezimaliza akiwa kazini. Chumvi ya damu inapanda, presha inashuka, dawa ambazo figo zilitakiwa kuzitoa zinabaki mwilini, na ubongo uliokuwa ukijimudu vizuri unapoteza mwelekeo. Kama mzee alikuwa tayari na dalili za ugonjwa wa kusahau, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kila mtu atasema ugonjwa wake umezidi tu, na hakuna atakayetafuta sababu nyingine.

Ukija wodini kwetu utadhani ni rahisi kumtambua mzee aliyekauka. Tulifundishwa kuivuta ngozi ya mkono tuone kama inarudi. Ngozi ya mzee hairudi haraka hata akiwa amekunywa ndoo nzima. Mdomo mkavu? Wengi wanalala midomo wazi, na dawa nyingine zinakausha mate. Macho yaliyozama? Kakonda. Jibu la kuaminika liko kwenye damu: chumvi, yurea, kreatinini. Hapo ndipo kazi yetu inapokwama. Kuna wiki vitendanishi vimeisha. Kuna Jumamosi mashine inafanya kazi lakini wa kuiendesha hayupo, majibu yanarudi Jumatatu mchana, na mgonjwa aliyeingia Ijumaa usiku amekaa siku mbili na nusu tukimtibu kwa kukisia.

Nikikosa maabara nategemea swali moja kwa ndugu: wiki iliyopita, siku kama ya leo, alikuwa anafanya nini? Simwulizi mzee mwaka wake wa kuzaliwa, wengi hawaujui na hawajawahi kuujua. Simwambii ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma, maana yuko anayehesabu miezi yake kwa Mfungo Mosi na Mfungo Pili na haina Desemba. Namwomba ataje siku za wiki kinyumenyume. Aliyezeeka tu atataja polepole lakini atafika. Aliyechanganyikiwa kwa ugonjwa ataanza Jumapili, Jumamosi, halafu atanitazama kama sijasema kitu, au ataanza kunisimulia habari ya mbuzi. Ugonjwa wa kusahau hujengeka kwa miezi na miaka. Huu mwingine unakuja kwa siku, wakati mwingine kwa saa, na mchana anaweza kuwa sawa, jioni kaharibika tena. Wiki iliyopita alikuwa anauza karanga, leo hajui aliko: hapo hakuna uzee. Kuna ugonjwa, na inabidi utafutwe.

Sitaki mtu aelewe kwamba kila kuchanganyikiwa ni maji. Kuna malaria, kuna nimonia isiyo na homa, maana wazee wengi hawapandishi homa. Kuna sukari kushuka, kuna maambukizi ya njia ya mkojo, kuna damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka. Ila katika hao wote, kukauka hukosekana mara chache. Nimonia inamleta, kutokunywa kunammaliza.

Mgonjwa anayeniogopesha si yule anayepiga kelele. Anayepiga kelele na kuchomoa kanula kila mtu anamwona, na bahati mbaya mara nyingi hufungwa mikono kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda na kuchomwa diazepamu, dawa ambayo humzidishia mzee kuchanganyikiwa. Lakini angalau anaonekana. Anayeniogopesha ni aliyelala kimya. Halalamiki, hasumbui, hagusi uji. Kwenye ripoti ya kupokezana zamu anasomwa kwa haraka: kitanda cha tisa anaendelea vizuri, usiku amelala. Hakulala. Amezama. Ukimwita anafungua macho, anakutazama kidogo, anayafunga. Ndugu wanakuja saa za kuona wagonjwa, wanasema afadhali leo amepumzika, wanaacha chupa ya maji juu ya kabati na kuondoka.

Na chupa hiyo ndiyo habari yenyewe. Asubuhi naikuta ilivyo, kizibo hakijafunguliwa, kile kipete cha plastiki bado kizima. Mzee mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi hawezi kuifungua. Hata kuifikia hawezi, kwa kuwa kabati liko nyuma ya kichwa chake. Kwenye karatasi ya kuandikia maji yanayoingia na yanayotoka, muuguzi wa usiku mmoja mwenye wagonjwa wa wodi nzima ameandika "anakunywa". Hakuna kiasi. Sielekezi lawama kwa mwenzangu. Ukiwa peke yako na wagonjwa wengi na mmoja anakata roho, huwezi kupita na kijiko kwa kila kitanda. Nasema tu ndugu wanapoambiwa mgonjwa anakunywa, waulize amekunywa vikombe vingapi.

Wodi yenyewe inamfundisha mzee asinywe. Choo kiko mwisho wa ukumbi, sakafu imelowa, ni cha kuchuchumaa, hakina chuma cha kushika. Vyombo vya kujisaidia kitandani ni vichache na mzee anaona haya kuviomba kwa muuguzi kijana wa kiume. Familia imenunua pampasi, na pampasi ni ghali. Nimesikia kwa masikio yangu binti akimwambia mamaye kwa upole, tena akiwa na machozi: mama, leo usinywe sana, zimebaki mbili. Sikuweza kumgombeza. Nilikwenda kutafuta ya akiba kwenye kabati la wodi, nikakosa.

Wengine wanaomba tuweke mpira wa mkojo ili mama asisumbuke. Tunauweka panapolazimika, lakini mpira ni njia ya vijidudu, na baada ya siku chache unakuwa na mgonjwa mwenye maambukizi ya mkojo juu ya yale aliyokuja nayo, akijaribu kuuvuta kwa sababu hajui ni nini kile kilichofungwa pajani mwake.

Sasa dripu. Watu wetu wanaipenda dripu. Mgonjwa akitundikiwa, ndugu wanapumua. Na kweli inaokoa, lakini ndiyo hatua inayohitaji mkono mwepesi kuliko zote. Chumvi iliyopanda pole pole kwenye damu inatakiwa ishushwe pole pole. Ukiishusha kwa pupa maji yanaingia kwenye ubongo na ubongo unavimba. Moyo wa mzee nao hauwezi kubeba lita mbili za haraka, maji yanakwenda mapafuni. Daktari ameandika matone taratibu, nimeyahesabu kwa saa yangu, nimegeuka kwenda kitanda kingine. Nikirudi chupa imekwisha. Mjomba ameona inachelewa, amekizungusha kile kidude cha kudhibiti akaiachia yote imwagike. Saa nane usiku mzee ameketi wima anatweta, kifua kinakoroma, na sasa namchoma dawa ya kutoa maji yale yale tuliyokuwa tukiyaingiza. Tafadhali, usiguse kidude kile. Ukiona matone ni machache, yamefanywa machache kwa sababu.

Kisha mgonjwa anapata nafuu. Siku ya tatu au ya nne anauliza nani anaangalia kuku wake. Wodi nzima inacheka kwa furaha. Si wote wanaorudi sawasawa. Wapo ambao kumbukumbu haifiki tena pale ilipokuwa, hasa waliokaa siku nyingi kabla ya kuletwa. Lakini wengi hutoka wakitembea, barua ya kuruhusiwa inaandikwa, na ndani yake kuna majina ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Hakuna mahali palipoandikwa habari ya choo. Anarudi kwenye nyumba ile ile, ngazi zile zile za saruji, na hofu ile ile. Baada ya wiki kadhaa namwona tena kwenye bajaji. Hapo ndipo ninapochoka. Si kazi ya usiku inayonichosha. Ni kumtibu mtu kitu kile kile nikijua kwamba dawa yake iko kwa fundi seremala.

Kwa fundi, ndiyo. Kiti cha mbao chenye tundu katikati na ndoo yenye mfuniko chini yake, kiwekwe chumbani kando ya kitanda. Fundi wa mtaani anakitengeneza kwa mbao za kawaida. Kwa mwanamume, kopo lenye mdomo mpana, lake mwenyewe, lisitumiwe na mtu mwingine. Taa njiani, na bomba la chuma lililochomekewa ukutani kwenye ngazi. Nimeona familia zikitumia fedha nyingi kwa vidonge vya kuongeza kumbukumbu kutoka duka la dawa, na kiti hakijatengenezwa.

Wanaume wana lao. Tezi dume ikishavimba, mkojo unatoka kidogo kidogo na kila saa. Babu analala chumba kimoja na wajukuu, anaona aibu kuamka mara nne. Anaacha kunywa. Tatizo hili lina dawa, lina upasuaji pia, lakini hajawahi kulitaja kwa mtu. Mwulizeni. Mtumeni mwanamume wa rika lake amwulize.

Akina mama wana lao pia, na hili ni zito huku pwani. Mkojo unaovuja wakati wa kukohoa au kuinama unaharibu udhu na nguo. Mama wa sala tano hawezi kukaa hivyo, basi anajifungia maji ili abaki na tohara yake. Nimewaomba masheikh wa mtaani kwetu walizungumze hili darasani kwa wanawake, kwa sababu dini ina ruhusa kwa asiyeweza kuzuia mkojo, anatawadha kwa kila sala wakati ukiingia na anasali. Na mwezi wa Ramadhani hali ni hiyo hiyo: mzee asiyeweza kufunga ana fidia ya kulisha maskini kila siku, lakini anaona kula mchana ni kushindwa. Akiambiwa na mimi hasikii. Akiambiwa na sheikh anasikia.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa Ulaya wa lishe ya wazee wa mwaka 2019 unataja vinywaji vya angalau lita 1.6 kwa siku kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume. Si lazima yawe maji matupu. Chai inahesabika, kahawa inahesabika, uji mwepesi, supu, maziwa, juisi ya ukwaju. Mpe kikombe kizima anapomeza dawa badala ya fundo moja. Mpe kinywaji kingi asubuhi na mchana, kidogo jioni, ili usiku asiamke sana. Kama anatumia dawa ya kukojosha, mwulize daktari kama inaweza kumezwa asubuhi, msiiache wenyewe. Kaeni mnywe naye. Nimeona wajane wengi ambao walikauka baada ya mwenzi kufa, kwa sababu chai ilikuwa ya watu wawili na sasa hakuna wa kumpikia.

Wenye moyo ulioshindwa na wenye figo zilizoharibika wana kiasi chao maalumu, na hao madafu na lita mbili si ruhusa kuwapa bila kuuliza. Tena kumwagia mzee maji matupu mengi kwa mkupuo, hasa akiwa kwenye vidonge vya presha vya kukojosha, kunaweza kushusha chumvi ya damu hadi akachanganyikiwa kwa sababu iliyo kinyume. Akiwa anaharisha, mpe ORS, paketi moja kwa lita moja ya maji safi na salama, kidogo kidogo. Na mwenye kiharusi anayepaliwa akinywa asilazimishwe kwa kikombe. Mketisheni wima, mpeni kinywaji kizito kwa kijiko, na mtuambie.

Mkimleta usiku, njooni na dawa zote anazotumia, na zile za maumivu mlizonunua dukani pia, maana diklofenaki juu ya figo iliyokauka inaiua. Aje mtu anayelala naye nyumba moja. Tuambieni siku aliyokuwa mzima mara ya mwisho, lini alikojoa, rangi ya mkojo, na jana amekunywa vikombe vingapi. Msituambie anakunywa vizuri kama hamjaviona vikombe.